Kabati jipya na unga mweusi wa betri: jinsi oksaidi za metali zinavyoteketeza fomaldehaidi bila moto

Leta kabati jipya la MDF chumbani, funga mlango na dirisha, uende safari ya siku mbili. Ukirudi na kulifungua, hewa inayotoka ndani yake itakuchoma pua, na macho yatalengwalengwa na machozi. Watu huiita harufu ya vitu vipya, na wapo wanaoifurahia kwa kuwa inawakumbusha kwamba nyumba imepata fenicha mpya. Kinachochoma pale, kwa sehemu kubwa, ni gesi ya fomaldehaidi. Haina rangi, haionekani, na haiishi baada ya wiki moja kama harufu ya rangi ya ukuta.

Siku hizi kila tangazo la mashine ya kusafisha hewa lina neno juu yake. Moja husema "mkaa maalumu", jingine "teknolojia ya mwanga", jingine "kichocheo cha manganizi kinachovunja fomaldehaidi kwa joto la kawaida". Hili la mwisho ndilo limenifanya niandike. Linasikika kama uongo wa kibiashara, ilhali kemia iliyo nyuma yake ni ya kweli, imefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni mojawapo ya kemia nzuri zaidi ninazozijua. Lakini ukweli wa maabara na ukweli wa chumba cha kulala si kitu kimoja. Ili kuutenganisha, kuna swali moja la kushikilia tangu mwanzo hadi mwisho: gesi ikitoweka, imekwenda wapi?

Tuanze na inakotoka.

Molekuli ya fomaldehaidi ni ndogo mno: atomu moja ya kaboni, moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Huchemka kwenye nyuzi 19 chini ya sifuri, kwa hiyo katika nyumba yoyote ya kawaida ni gesi. Ikiyeyushwa ndani ya maji kwa kiasi cha asilimia 37 hivi inaitwa fomalini, ile iliyohifadhi vyura na mijusi kwenye chupa za maabara ya shule, na ile inayotumika mochwari. Viwandani, kazi yake kubwa ni kutengeneza gundi. Ikichanganywa na urea hupatikana gundi ya bei nafuu, inayokauka haraka na kushika vizuri, na hiyo ndiyo inayoshikanisha unga wa mbao kuwa MDF, vipande vya mbao kuwa chipbodi, na aina nyingi za plaiwudi.

Tatizo ni kwamba ndoa ya urea na fomaldehaidi haikufungwa kwa kamba ya chuma. Unyevu ukiingia kwenye ubao, maji huvunja baadhi ya viungo vya gundi na kuiachia fomaldehaidi. Ndiyo maana gesi hii haiishi kama kiyeyushi cha rangi, ambacho kikishakauka kimekauka. Ubao huendelea kuitoa kidogo kidogo kwa miaka. Joto nalo huongeza kasi. Kwa hesabu ambazo sekta ya mbao imezitumia kwa muda mrefu kulinganisha vipimo, kupanda kutoka nyuzi 23 hadi 30 kunatosha kuongeza kiwango cha gesi karibu maradufu. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja aione hesabu hiyo kwa makini: viwango vya mbao huandikwa katika nchi za baridi, kwa majaribio ya vyumba vya nyuzi 23 au 25 na unyevu wa asilimia 50 hivi, kisha mbao hizo hizo huja kukaa kwenye joto na unyevu wa pwani.

Kabati si chanzo pekee. Moshi wa sigara unayo, moshi wa kuni na mkaa unayo, baadhi ya dawa za kunyoosha nywele saluni huitoa zinapopigwa pasi ya moto. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, moja tu, inaweza kutoa fomaldehaidi sawa na sigara 51. Ila moshi una mwanzo na mwisho. Ubao haulali.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya hewa ya ndani ya mwaka 2010, liliweka ukomo wa miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa nusu saa. Hiyo ni kama molekuli 80 za fomaldehaidi katika kila molekuli bilioni moja za hewa. Miaka sita kabla, mwaka 2004, wakala wa shirika hilo unaoshughulikia utafiti wa saratani ulikuwa umeiingiza gesi hii katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya sehemu ya juu ya koo nyuma ya pua. Kwa kiwango cha chini, watu wengi wataona tu macho kuwasha, koo kukauka na kikohozi.

Mfano uliofumbua macho ya wengi ni wa Marekani. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, maelfu ya familia zilipewa nyumba ndogo za magurudumu, zilizojengwa kwa mbao za gundi na kubanwa kila upenyo. Watu wakaanza kulalamika. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa ikapima nyumba 519. Wastani ulikuwa 77 kwa bilioni, yaani nyumba ya kawaida kati ya hizo ilikuwa ukingoni mwa ukomo nilioutaja, na iliyozidi zote ilifika 590. Na ulikuwa msimu wa baridi.

Japani ilishalipitia hilo. Nyumba mpya zilizobanwa kuhifadhi joto zilikuwa zikiwaumiza wenyewe kiasi kwamba hali hiyo ikapewa jina la ugonjwa wa nyumba. Mwezi Julai 2003 sheria yake ya ujenzi ilianza kubana matumizi ya mbao zinazotoa fomaldehaidi, na kulazimisha kila makazi mapya yawe na mfumo wa kubadilisha angalau nusu ya hewa yote kila saa. Si ajabu basi kwamba ni huko Japani ambako watu walianza mapema kuuliza kama kuna unga unaoweza kuila gesi hii ukiwa umekaa tu ukutani.

Kunasa si kuteketeza

Mkaa ulioamilishwa, ambao umetobolewa vitundu visivyohesabika, hunasa gesi nyingi. Lakini hupenda molekuli kubwa na nzito. Fomaldehaidi ni ndogo, nyepesi, na inapenda maji kuliko kaboni, kwa hiyo mkaa wa kawaida huishika kwa ulegevu. Siku ikiwa ya joto, au unyevu ukipanda na maji yakaanza kugombea vitundu vile vile, mkaa huirudisha chumbani. Hapo swali letu linajijibu: gesi ilikuwa imekwenda ndani ya mkaa, na sasa imetoka. Mkaa uliolowekwa dawa, au punje zilizopakwa pamanganeti ya potasiamu (zile fuwele za zambarau zinazojulikana kwa kuoshea vidonda), hufanya vizuri zaidi kwa sababu hapo kuna mmenyuko wa kweli wa kikemia. Ila dawa hiyo hutumika na kwisha kama sabuni.

Mimea ya chungu nayo ina wapenzi wengi. Majaribio ya miaka ya 1980 yaliyofadhiliwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yaliweka mimea ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa, na gesi ikapungua. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani walikusanya majaribio ya namna hiyo na kuyageuza kuwa hesabu ya chumba halisi. Ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka jengoni yenyewe, ingehitajika kati ya mimea kumi na mimea elfu moja kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Panda maua kwa sababu ni mazuri.

Teknolojia ya mwanga hutumia oksaidi ya titaniamu, unga mweupe ulio pia kwenye rangi za ukuta. Ukipigwa na miale ya urujuanimno huzalisha chembe kali zinazovunja uchafu. Inafanya kazi, lakini inadai taa yake iwake muda wote, na ikikutana na mvuke wa pombe au manukato inaweza kuuvunja nusu nusu. Miongoni mwa mabaki ya kuvunja nusu nusu ni fomaldehaidi yenyewe. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu mtu anaweza kununua mashine ya kuondoa gesi hii akawa ameongeza chanzo kingine.

Sasa tufike kwenye vichocheo vinavyofanya kazi gizani.

Mshenga anayetanguliza mahari

Kwa karatasi, fomaldehaidi haina sababu ya kuendelea kuwepo. Imezungukwa na oksijeni ya hewa, na ikiungana nayo hutokea kaboni dioksaidi na maji, vitu viwili tunavyovitoa kwa kila pumzi. Katika chumba chenye gesi kwa kiwango cha ukomo, kila molekuli moja ya fomaldehaidi ina zaidi ya molekuli milioni mbili za oksijeni pembeni yake. Lakini hazishikani. Oksijeni ya hewa ni jozi ya atomu zilizofungamana kwa nguvu, na kuzitenganisha kunahitaji msukumo ambao joto la chumba halitoi. Ukiwasha moto, zitaungana. Chumbani huwashi moto.

Kichocheo ni mshenga. Anazikutanisha pande mbili zilizokuwa zinapitana tu, ndoa inafungwa, naye anarudi kwake kama alivyokuja. Huo ndio ufafanuzi wa vitabu vya shule, na kwa oksaidi za metali hautoshi, kwa sababu mshenga huyu hufanya jambo zaidi: anatanguliza mahari kutoka mfukoni mwake.

Oksaidi ya metali ni atomu za metali zilizopangwa pamoja na atomu za oksijeni. Baadhi ya oksaidi, ya manganizi ikiwa mbele, zinashika oksijeni ya usoni mwake kwa ulegevu. Fomaldehaidi ikitua juu yake hutwaa oksijeni hiyo iliyo tayari, isiyohitaji kutenganishwa na mwenzake. Kaboni inaondoka kama kaboni dioksaidi, na pale oksijeni ilipokuwa panabaki pengo. Kisha oksijeni ya hewa inakuja kuliziba pengo, na deni linalipwa. Mzunguko unaanza upya. Waliouandika mzunguko huu kwa utaratibu walikuwa Waholanzi wawili, Pieter Mars na Dirk Willem van Krevelen, mwaka 1954, wakiwa wanachunguza oksaidi ya vanadiamu, na hadi leo mzunguko huo unaitwa kwa majina yao.

Kinachowezesha mkopo huu ni tabia ya metali yenyewe. Manganizi inaweza kukaa katika hali zaidi ya moja ya umeme: atomu yake ikiwa imepoteza elektroni nne ni sawa, ikiwa imepoteza tatu ni sawa pia. Oksijeni ikiondoka, manganizi inapokea elektroni na kushuka daraja. Oksijeni ikirudi, inapanda. Metali ambayo haina kupanda na kushuka huku, kama aluminiamu, haiwezi kukopesha. Seriamu inaweza, na ndiyo maana oksaidi yake imo kwenye vichujio vya moshi vya magari. Kobalti inaweza pia, na oksaidi yake ni kati ya zinazofanya vizuri maabara. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kolwezi na jirani zake, kule Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodi na ya soko. Ila kobalti inatafutwa na viwanda vya betri, bei yake hupanda na kushuka vibaya, na vumbi lake lina sumu. Manganizi ni tele, rahisi, na haina msukosuko huo.

Na umeshaiona. Pasua betri ya zamani ya tochi au redio, zile zinazooza na kutoa maji. Ule unga mweusi unaochafua vidole ni dioksaidi ya manganizi iliyochanganywa na kaboni. Nakuomba usifikirie kuunyunyizia kabatini: kuvuta vumbi la manganizi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na unga wa betri una umbo lisilofaa kwa kazi hii. Umbo ndilo lililobeba hadithi yote iliyobaki.

Mwaka 2002 mtafiti wa Japani, Yoshika Sekine, alichapisha kazi ambayo ndani yake alijaribu oksaidi nyingi za metali dhidi ya fomaldehaidi kwa joto la kawaida. Nyingi zilipunguza gesi. Lakini yeye hakuishia hapo, aliangalia kinachotoka upande wa pili, na dioksaidi ya manganizi ikaonyesha kwamba inatoa kaboni dioksaidi. Yaani gesi haikuwa imenaswa tu, ilikuwa imeteketezwa. Kwangu, hapo ndipo somo hili lilipoanza kuaminika.

Jina moja, majengo manne

Dioksaidi ya manganizi si kitu kimoja. Chukua matofali yale yale: manganizi moja katikati, oksijeni sita kuizunguka. Ukiyapanga namna moja unapata vichuguu vyembamba, vyembamba kiasi kwamba molekuli ya fomaldehaidi, yenye upana wa kama robo ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), haipiti. Yapange namna nyingine, vichuguu vinapanuka hadi karibu nusu nanomita, nayo inapenya. Kuna mpango wa tatu wenye vichuguu vilivyochanganyika, ambao ndio wapendwao na watengeneza betri. Na kuna wa nne usio na vichuguu kabisa, bali kurasa zilizolaliana kama za daftari, zikiachana kwa nanomita 0.7 hivi, na katikati yake kuna maji na atomu za potasiamu. Huo unaitwa birnesaiti, kwa jina la kijiji cha Birness huko Uskoti ambako madini hayo yalielezwa mara ya kwanza mwaka 1956.

Kwa fomaldehaidi ya chumbani, ni hili daftari linaloshinda. Sababu ya kwanza unaiona: nafasi. Ya pili ni kwamba kurasa zake huwa na matundu, sehemu ambazo atomu ya manganizi haipo. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, lilionyesha kwamba kuongeza matundu hayo kunaongeza kasi: oksijeni iliyo kando ya tundu haikushikwa vizuri, kwa hiyo inakopesheka kwa wepesi, na potasiamu inayokaa karibu inasaidia. Kinachoitwa kasoro ya fuwele ndicho kinachofanya kazi. Utengenezaji wenyewe si wa miujiza. Ile pamanganeti ya zambarau ikikutana na kitu kinachoinyang'anya oksijeni, hubadilika kuwa unga wa kahawia-nyeusi wa birnesaiti. Mkaa ulioamilishwa unaweza kuifanya kazi hiyo ya kunyang'anya, na hivyo kujivika koti la kichocheo mwenyewe: mkaa unanasa, koti linateketeza.

Maji ni rafiki na ni mpinzani

Kisa cha hopkalaiti kinalieleza hili kuliko maelezo yoyote. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, wanakemia wa Marekani walitengeneza mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba unaogeuza kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu usingizini, kuwa kaboni dioksaidi, kwa joto la kawaida, ndani ya barakoa. Jina lake linaunganisha vyuo vya Johns Hopkins na California. Ulifanya kazi vizuri sana mradi hewa ni kavu. Ikiwa na unyevu, maji yalikaa juu ya uso wake na kuuzima, ikabidi barakoa iwekewe dawa ya kukausha hewa kwanza.

Ungetegemea birnesaiti ipate kilema hicho hicho, kwa kuwa ni ukoo mmoja. Haikuwa hivyo kabisa. Fomaldehaidi, tofauti na kaboni monoksaidi, inapenda maji. Ikitua kwenye uso wa oksaidi hushikwa na vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyotokana na maji, kisha inaokotewa oksijeni na kugeuka fometi, ambayo ni ndugu wa asidi inayopatikana kwa baadhi ya sisimizi. Kutoka fometi inakwenda kaboneti au moja kwa moja kaboni dioksaidi, na kuondoka. Vikundi vile vya oksijeni na haidrojeni hutumika njiani, na maji ya hewa ndiyo yanayovirudishia. Maji pia husukuma kaboneti iliyong'ang'ania ili kiti kipatikane kwa mgeni mwingine. Kwenye hewa kavu kabisa kichocheo hiki huanza vizuri kisha hulegea, kwa sababu fometi hukwama juu yake kama masizi chini ya sufuria.

Sasa chukua usiku wa Dar es Salaam wa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Katika kila molekuli bilioni moja za hewa hiyo, zaidi ya milioni 33 ni maji. Fomaldehaidi, hata ikiwa ukingoni mwa ukomo wa Shirika la Afya Duniani, ni 80. Gawanya: kila molekuli moja ya fomaldehaidi inashindana na molekuli za maji zaidi ya laki nne kutafuta mahali pa kutua. Rafiki akija peke yake ni baraka. Wakija laki nne, mwenyeji hana pa kukaa. Kwa hiyo unyevu una kiwango chake cha manufaa, na ukikizidi, kasi hushuka. Majaribio mengi hufanywa kwenye unyevu wa wastani. Takwimu inayotajwa bila unyevu wake kutajwa haimsaidii mtu wa pwani.

Wapo waliochukua njia ya gharama. Zhang Changbin na He Hong wa Chuo cha Sayansi cha China walionyesha kwamba chembe za platinamu juu ya oksaidi ya titaniamu, kiasi cha asilimia moja tu ya uzito, zinaiteketeza fomaldehaidi yote kwa joto la kawaida, na mwaka 2012 wao na wenzao wakaonyesha kwamba kuongeza sodiamu kidogo kunafungua njia fupi zaidi, ambapo fometi haipiti kwenye kaboni monoksaidi. Nguvu ya vichocheo hivi haina ubishi, navyo husumbuliwa kidogo sana na unyevu. Bei ya platinamu ndiyo inayowafanya wengine warudi kwa manganizi na kuvumilia udhaifu wake.

Asilimia 99 ya nini?

Ukisoma "huondoa asilimia 99", jua kwamba mara nyingi ni sanduku lililofungwa, likatiwa gesi mara moja, likaachwa saa kadhaa. Hakuna ubao ndani yake unaoendelea kutoa. Nyumbani ubao unaendelea, kwa hiyo pambano halisi ni la kasi dhidi ya kasi.

Tuseme chumba kina mita za ujazo 30 na fenicha zake zinatoa miligramu 3 kwa saa. Madirisha yamefungwa, hewa inayojipenyeza ni nusu ya chumba kwa saa, yaani mita 15 za ujazo. Gawanya 3 kwa 15: hewa itatulia kwenye miligramu 0.2 kwa mita ya ujazo, mara mbili ya ukomo. Weka mashine ambayo feni yake inapitisha mita 150 za ujazo kwa saa na chujio lake linateketeza sehemu moja ya kumi ya gesi kila hewa inapopita. Hiyo ni sawa na kuongeza mita 15 za hewa safi, na kiwango kinashuka hadi 0.1. Ni mafanikio ya kweli, na yamepatikana kwa chujio linaloonekana dhaifu kwa asilimia yake. Sasa zima mashine, fungua madirisha mawili yanayotazamana, hewa ibadilike mara tano kwa saa. Mita 150. Kiwango ni 0.02.

Nimeiweka hesabu hiyo wazi kwa sababu ndiyo inayonikera ninapoona familia inauziwa kopo la unga mweusi liwekwe kabatini bila feni. Kichocheo hakivuti gesi kutoka kona ya mbali. Hewa isipopitishwa juu yake, kinateketeza kile tu kilichokifikia.

Kuna ugumu mwingine, huu ni wa wanasayansi wenyewe. Ushahidi wa kuteketeza ni kaboni dioksaidi inayotoka. Lakini hewa ya kawaida ina kaboni dioksaidi kama 420 kwa milioni, na fomaldehaidi ya chumbani, hata ikiteketea yote, itaongeza 0.08 tu. Haiwezi kuonekana, ni kama kutafuta kijiko cha maji kilichoongezwa kwenye pipa. Ndiyo maana maabara hutumia fomaldehaidi nyingi mno, mara nyingi mamia ya maradufu ya ile ya nyumbani, ndani ya hewa iliyosafishwa kaboni dioksaidi. Hapo mizani inasomeka. Lakini kichocheo kilichofanya vizuri kwenye gesi nyingi kwa saa kumi si lazima kifanye vile vile kwenye gesi haba kwa miezi kumi, kikiwa kimezungukwa na vumbi, moshi wa mafuta ya kukaangia na mvuke wa manukato, vyote vikigombea viti vile vile.

Ndipo uzee unapoingia. Uso ukijaa fometi na kaboneti, vichocheo vingi vya manganizi vinaweza kufufuliwa kwa kupashwa joto, kwa kuwa joto hukamilisha kazi iliyokwama. Ukifunikwa na mafuta ya jikoni au gesi za salfa, kufufua ni kugumu. Muuzaji anayesema chujio lake "halibadilishwi maisha" amesahau kwamba neno kichocheo linazungumzia kemia ya ndani ya mzunguko, si maisha ya kitu kilichowekwa kwenye chumba chenye vumbi.

Kwa hiyo ningekuwa nanunua, ningeuliza vitu vichache: je, kipimo kilionyesha kaboni dioksaidi ikitoka, au gesi ikipungua tu? Kwa unyevu gani? Feni inapitisha hewa kiasi gani kwa saa, na chujio linaondoa sehemu gani kwa kila mpito? Na je, mashine inatoa ozoni, ile gesi kali ya oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili? Mashine ya kufukiza ozoni kwa makusudi nisingeiingiza ndani. Ozoni inaumiza mapafu na, ikikutana na harufu za sabuni na manukato, huzaa fomaldehaidi mpya. Birnesaiti nzuri huivunja pia ozoni, lakini hiyo si sababu ya kuitengeneza kwanza.

Kabla ya yote hayo kuna ubao wenyewe. Kingo mbichi za MDF, zile fundi alizokata na kuziacha bila kufunika, hutoa gesi nyingi kuliko uso uliobandikwa laminati. Mwambie fundi azifunge kwa ukanda au azipake vanishi hata zile za nyuma na za ndani, zisizoonekana. Likifika nyumbani, kabati likae wazi, droo nje, mahali penye upepo, kwa wiki kadhaa kabla halijawekwa chumba cha mtoto.

Chujio la manganizi linapata kazi yake ya haki pale madirisha yasipoweza kufunguliwa: chumba cha kulala chenye kiyoyozi, kilichofungwa kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, kando ya barabara yenye moshi au kwa sababu ya mbu. Kiyoyozi kinashusha joto, na ubao unapunguza kutoa. Kinakausha hewa kiasi, na kichocheo kinapata unyevu kinaouweza. Hapo mashine yenye feni ya kutosha, chujio la vumbi mbele na birnesaiti nyuma yake, inaweza kuteketeza gesi usiku kucha. Asubuhi madirisha yafunguliwe, na chujio la mbele lioshwe kila mwezi, kwa sababu vumbi likishaupita mlango huo na kulala juu ya kichocheo, halitoki kwa kupulizwa.